Simu ya Dada Enesi

Yesaya alikuwa amejaza ua watu. Nesi Gwalugano alipompigia kumwambia kwamba majibu ya mate yake yametoka, na kwamba sasa watafiti wanataka kuwapima ndugu zake, aliita ukoo wote wa Ikinga: wanawe wanne, baba zake wadogo wawili na watoto wao. Kuku watatu walikuwa wameshachinjwa. Halafu nesi mwenyewe, binti mdogo tu, akashuka kwenye bodaboda na sanduku lake la vichupa, akawaamkia wote, akauliza, "Baba, wa upande wa mama wako wapi?"

"Ukoo ndio huu," alisema Yesaya.

"Hawa ni wa baba yako. Mimi nawataka wa mama."

"Sema kwa sauti, mwanangu!" Miaka miwili sasa masikio yake yalitaka kila neno mara mbili, na sukari nayo haikumpa nafasi.

Gwalugano akapaza sauti. Alieleza kwamba ndani ya mwili mna mitokondria, vitu vidogo mno, vinavyosaga chakula kuwa nguvu kama mashine inavyosaga mahindi. Mtoto huzirithi kwa mama peke yake. Za Yesaya zilikuwa na kasoro, na mwenye kasoro ile yuko hatarini kupata sukari na uziwi umri unapokwenda.

"Kwa hiyo wanao wasiogope," alimalizia. "Baba hapitishi hii."

Hapo mtu mwenye akili angemshukuru Mungu. Yesaya alikasirika. Hapitishi! Wana wanne wenye paji lake la uso na ubishi wake, leo mtoto wa juzi anamwambia mbele ya baba zake kwamba yeye ni mwisho wa njia!

"Mbali na dada yako Enesi, mama alizaa nani mwingine?" aliuliza Gwalugano.

Kila mtu aliyekuwepo alijua jina lile halitajwi pale.

"Ni huyo tu. Yuko Isongole," Yesaya alisema hatimaye. "Na mimi siendi."

Miaka mitatu iliyopita, mkewe alipofariki, alimpigia Enesi mara saba. Simu iliita mpaka ikakata, mara zote saba. Enesi alifika siku ya tatu, watu wameshazika, akasimama mlangoni akasema simu haikulia. Haikulia! Yesaya alikuwa ameisikia ikiita kwa sikio lake mwenyewe. Akamtukana mbele ya waombolezaji, na yule mwanamke, badala ya kulia, akatabasamu. Siku ile ile aliapa kwamba hatakanyaga kwake.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema. "Mwache."

"Ana mabinti?"

"Wawili, wako Tunduma. Wana watoto."

"Basi, baba, wote hao wamo kwenye njia ya kasoro hii. Si lazima waugue. Lakini wakijua mapema watapimwa sukari na masikio kila mwaka. Namba ya mama yao nilipewa na mwanao; nimempigia mara tisa, hapokei. Kwake sikujui. Unataka waishie kama bibi yao uliyenisimulia?"

Bibi yao. Miaka yake ya mwisho alikaa jikoni bila kusikia neno, akimtabasamia kila aliyefungua mdomo ili asionekane mzigo. Yesaya alichukua kofia yake, akamlaani nesi, akazilaani mitokondria, wakapakizana mshikaki, watu watatu, kwenye bodaboda.

Enesi alikuwa ameketi mkekani, ameipa njia mgongo, akipukuchua maharage. Dereva alipiga honi mara tatu. Enesi hakugeuka.

"Unaiona dharau?" Yesaya alifoka. "Unaiona?"

Gwalugano hakumjibu. Alitoa simu yake, akabonyeza namba. Ndani ya kikapu, karibu kabisa na goti la Enesi, kwaya ikaanza kuimba kwa nguvu mpaka kuku wakasogea. Enesi alichukua ganda jingine, akalipukuchua, akatupa pembeni. Kwaya iliimba ubeti mzima ikakatika.

Yesaya alilisahau tusi lililokuwa limeshafika mdomoni.

Alizunguka akasimama mbele yake. Enesi alishtuka, akamtazama kwa hofu, kisha akatabasamu, tabasamu lile lile la mlangoni. Yesaya akalitambua. Lilikuwa la mama yao.

"Mdogo wangu," alisema Enesi, "umekuja." Aliitazama simu mkononi mwa nesi, akapapasa kikapuni akatoa yake. "Nilikwambia, hii mbovu. Hailii. Nimeipeleka kwa fundi mara mbili, anasema nzima. Mwongo yule."

Yesaya alichuchumaa. Aibu ilimshika mwili mzima. Katika maisha yake yote hakuwa amemwomba mwanamke radhi, na kama angelazimika, angependa iwe kwa kunong'ona, pembeni, bila shahidi.

"Nisamehe, dada," alisema.

Enesi alitabasamu, akaitikia kwa kichwa. Hakuwa amesikia kitu.

"Nisamehe, dada!"

"Eeh?"

Majirani walianza kutoka nje. Dereva wa bodaboda alizima injini. Yesaya alijaza kifua pumzi, akasogeza mdomo kwenye sikio la dada yake, akapiga kelele mpaka wa ng'ambo ya barabara wakasikia.