Ngozi Iliyotunzwa

Loisi alimfahamu mkwewe kwa mgongo. Kisogo chake, bega la kushoto lililoinuka kidogo, mwendo wake wa kuburuta mguu akichoka, hayo angeyatambua hata katikati ya mnada wa ng'ombe. Uso wake alikuwa ameuona vizuri mara chache tu, kabla kijana hajaja kuposa. Baada ya hapo desturi ikawa desturi. Matonya akimwona mama wa mkewe njiani, anaacha njia, anaingia porini na kugeukia upande mwingine mpaka mama apite. Hawasalimiani, hawali pamoja, na jina la mwenzake hakuna anayelitaja. Mwalimu wa dini kutoka Mvumi aliwahi kuwaeleza Wagogo wa Chenene kwamba si dhambi mtu kumsalimu mkwewe. Loisi aliipenda dini yake, akamwitikia mwalimu ndiyo, tena kwa heshima zote. Kisha akatoka kanisani kwa mlango wa nyuma, maana Matonya alikuwa amesimama kwenye mlango wa mbele.

Usicheke. Watu hao wawili walipendana sana, ila upendo wao ulipita kwa Ruthu. Ruthu alikuwa binti wa mmoja na mke wa mwingine, na siku zile alikuwa mjamzito. Loisi akisema jambo, Ruthu analibeba hadi nyumba ya pili uani. Matonya akijibu, Ruthu anarudi na jibu, mkono kiunoni, akilalamika kwamba amegeuzwa punda wa mizigo.

Kazi ya Matonya ilikuwa kuendesha gari la farasi la Halfani, mfanyabiashara Mrangi wa Kondoa. Tangu reli ya Mjerumani ifike Dodoma, Halfani hakutaka tena kuhangaika na wapagazi. Nta yake, samli yake na ngozi zake zilipanda gari la magurudumu manne likavuka milima ya Chenene mpaka stesheni. Farasi alimpata kwa ofisa mmoja aliyekuwa anarudi Ulaya, akamwita Shaushi, cheo cha askari, kwa sababu, alivyosema mwenyewe, mnyama yule alipenda kuamrisha kuliko kuamrishwa.

Nyuma ya gari kulikuwa na mkono wa chuma. Ukiuzungusha, vigogo viwili vya mti mgumu vinasogea na kubana magurudumu ya nyuma. Mjerumani alikuwa na jina lake la kukwaruza koo kwa kitu hicho. Sisi tuseme breki. Halfani, ambaye hakuwa na haya, alikuwa akiwatania watu wa Chenene kila apitapo.

"Gari langu lina Mgogo mbele na vigogo nyuma," alisema, "na wote ni wabishi!"

Aliacha kuusema utani huo siku Nikodemo alipokufa. Nikodemo alikuwa mume wa Loisi, na ndiye aliyekuwa akiuzungusha mkono ule wa chuma. Siku hiyo mvua ilinyesha wakiwa juu ya mteremko. Vigogo vilikuwa vimesuguliwa na chuma cha magurudumu hata vikang'aa kama sakafu iliyopigwa udongo laini, na vilipolowa havikushika kitu. Mwendeshaji wa wakati ule aliruka akapona. Nikodemo hakuruka, alibaki anazungusha. Walimleta Loisi mwili wa mumewe na viatu vyake vya ngozi, na yule mwendeshaji akaapa hataligusa gari lile tena maisha yake yote. Matonya ndiye aliyeishika kazi. Loisi alipopata habari alikaa kimya jioni nzima, kwa sababu neno alilotaka kusema lilikuwa la kumwambia mtu ambaye haruhusiwi kusema naye.

Viatu vya Nikodemo alivivaa yeye mwenyewe. Vilikuwa vikubwa, vilimpiga kisiginoni, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia avivue. Siku moja baada ya mvua alikuwa anashuka mwamba ulio chini ya kisima, fimbo mkononi. Fimbo ikateleza. Yeye hakuteleza. Alisimama pale akaitazama fimbo yake ya mti, akavitazama viatu vyake vya ngozi kavu, akaigonga fimbo tena juu ya jiwe na tena ikateleza. Jioni Halfani alipopita, Loisi alimwendea kabla hajashuka juu ya punda wake.

"Bwana Halfani, vile vigogo vyako viko miguu mitupu," alimwambia. "Vivishe viatu."

Halfani alidhani mjane anaweweseka kwa majonzi. Alipoelezwa polepole aliondoka, na safari iliyofuata vigogo vyake vilikuwa vimepigiliwa ngozi ngumu ya ng'ombe, na gari liliteremka mlima kwa adabu kuliko siku yoyote. Halfani alijisifu Kondoa nzima kwamba amebuni kitu. Loisi hakujali. Aliyekuwa akisikiliza magurudumu yakishuka kila safari ni yeye, na sasa alikuwa akilala.

Msimu wa kiangazi ulipokaribia kwisha, ngozi zile zililika zikapasuka. Wakati huohuo dume la ng'ombe la Loisi, lililokuwa zee kuliko manufaa yake, likafa. Akaichuna ngozi ya shingoni, ile nene, akaikausha juani ikawa ngumu kama ubao. Akamkabidhi Ruthu.

"Mpelekee mwenzio, aweke kwenye gari. Mwambie aitunze."

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na ni kosa dogo la kutosha kupita mlangoni bila kuinama. Loisi alikuwa na maana ya kwamba aiweke mbali na mvua, mbali na fisi, mbali na mafuta ya ekseli. Lakini Mgogo yeyote ukimwambia atunze ngozi anajua la kufanya: anaipaka mafuta. Ngozi ya kuvaa, ya kulalia, ya kumbebea mtoto, zote hutunzwa hivyo. Na hii haikuwa ngozi ya hivihivi, ilikuwa ya mkwe. Kuiacha ngozi ya mkwe ikauke na kupasuka mbele za watu ni sawa na kumtemea mate. Ile ya kwanza ilipasuka, naam, lakini ile aliitoa Halfani.

Basi Matonya akaipigilia ngozi kwenye vigogo na kuitunza kwa mapenzi yake yote.

Asubuhi ile Loisi alitoka kisimani na mtungi kichwani. Gari lilikuwa limekwisha kuondoka. Alisikia magurudumu yakilia mbali kidogo, juu, kwenye tambarare kabla ya mteremko. Alimkuta Ruthu anafuta kibuyu cha mafuta ya mkia wa kondoo kwa kidole. Kilikuwa kitupu.

"Mmekula nini, mwanangu, na nyama hatuna?"

"Hayakuliwa, mama." Ruthu alitabasamu. "Tumeitunza ngozi yako. Amekuwa akiisugua tangu jana mpaka imekunywa mafuta yote. Inang'aa! Nenda kaione."

Loisi aliushusha mtungi taratibu, akauweka chini vizuri usipasuke. Kisha akakunja nguo yake na kuanza kukimbia.

"Mama! Unakwenda wapi?"

Hakujibu, pumzi aliihitaji. Bartolomayo, aliyekuwa akimsaidia Matonya kuzungusha breki, alikuwa amelala Kondoa na homa. Kwa hiyo Matonya angeikaza breki mwenyewe juu ya mlima, apande kitini, ashike hatamu, na kuziamini zile ngozi. Loisi alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sura ya Ruthu amevaa viatu vya mwanamume vinavyompiga kisiginoni. Hilo hapana, alijiambia. Kwangu mimi sawa, limekwisha kupita. Kwa mtoto hapana.

Barabara ya magari ilizunguka mlima. Njia ya mbuzi iliushuka moja kwa moja, ikaipata barabara pale kwenye kona, mahali ambapo ukuta wa mlima unakatika na korongo la mchanga linaingia kutoka mlimani. Loisi aliishuka njia ya mbuzi huku ameshika vichaka, mawe yakitangulia mbele yake. Viatu vya Nikodemo vilishika kila mwamba aliokanyaga.

Alipofika barabarani akaliona gari. Lilikuwa bado halijashindikana, lakini lilikuwa linaelekea huko. Shaushi alikuwa amekaa karibu juu ya miguu yake ya nyuma, anasukumwa na mzigo, kwato zinakwangua. Matonya alikuwa amesimama, amevuta hatamu mpaka kifuani, macho yote kwa farasi. Upande mmoja kulikuwa na ukuta wa mlima, upande wa pili hakuna kitu. Magurudumu ya nyuma yalizunguka ndani ya vigogo vilivyobanwa barabara, yanateleza tu, na ngozi inang'aa kweli kama alivyosema Ruthu.

Kupiga kelele kungefaa nini? Loisi alikuwa na jambo moja analolijua kwa hakika kuhusu kijana yule. Alipita kona, akasimama katikati ya barabara pale korongo linapoanzia, akajiweka wima, na akaita kitu ambacho midomo yake haikuwahi kukitamka.

"Matonya!"

Kijana aliinua uso. Akamwona mkwewe barabarani.

Hakufikiri, mikono yake ndiyo iliyofikiri. Ilifanya yaleyale iliyoyafanya miaka yote: ikaacha njia. Hatamu zikavutwa kulia, Shaushi akakata kona akaingia korongoni, na gari lote likamfuata likazama mchangani mpaka kwenye vitovu vya magurudumu. Debe moja la samli lilidondoka. Likaviringika kidogo, likatulia. Farasi akasimama anahema.

Matonya alikuwa tayari ameshuka, amegeuka, uso ameuelekeza kwenye mti wa mgunga.  Loisi naye aligeuka, akatazama bonde. Akakaa chini palepale, akalia, na hakujificha. Alilia kwa ajili ya Nikodemo, ambaye hakumlilia vizuri siku ile kwa sababu ya watu wengi.

Alipokwisha alijipangusa. Ruthu hakuwapo wa kubeba maneno. Loisi akatazama huku na huku, akaona mjumbe aliyepo ni mmoja tu.

"Wewe Shaushi," alisema, "mbukwenyi."

Farasi hakuiitikia salamu ya Kigogo. Loisi hakumlaumu.

"Mwambie huyo mtu wako, ngozi ya kuvaa hupakwa mafuta. Ngozi ya kushika gurudumu haipakwi. Mwambie kosa ni la aliyetuma neno nusu."

 Kutoka upande wa mgunga sauti, nene kuliko alivyodhani, ikasema, "Shaushi, mwambie mama kosa ni la aliyepaka. Nilitaka aone kwamba zawadi yake nimeiheshimu."

"Mwambie nimeiona."

Walifanya kazi hivyo, kila mmoja upande wake wa gari, farasi akiwa katikati akipokea maagizo. Matonya alizing'oa zile ngozi. Walizisugua kwa mchanga, lakini mafuta yalikuwa yameingia ndani kabisa, na Matonya kwa hakika hakuwa mvivu wa kupaka. Ngozi nyingine hazikuwapo ila zile laini za biashara. Akabaki ameshika nyundo.

Loisi aliinama akavivua viatu. Alivishika kidogo, kimoja juu ya kingine. Nyayo zilikuwa kavu, zimekwaruzwa, na alama ya dole gumba la Nikodemo ilikuwa bado inaonekana. Akavisukuma chini ya gari kwa mguu mpaka upande wa pili.

 Matonya alivijua viatu vile.

"Shaushi," alisema mwishowe, na sauti ilikuwa imepungua unene, "mwambie mama siwezi kupiga misumari kwenye hivi."

"Mwambie apige. Mwenye viatu alikuwa akiifanya kazi hiyohiyo."

Akapiga. Kiatu kimoja kwenye kila kigogo. Wakalipakua gari, wakalivuta kutoka mchangani, wakalipakia tena, na jua lilikuwa limekwisha kupanda. Likabaki swali la nani atazungusha mkono wa chuma, na halikuulizwa. Matonya alipanda kitini, uso mbele. Loisi alipanda nyuma, uso nyuma, akaushika mkono ule kwa mikono yote miwili. Migongo yao ilitazamana na mzigo katikati. Hata mzee mkali kuliko wote wa Chenene angewakuta asingekuwa na la kusema.

"Haya, Shaushi," sauti ya mbele ilisema.

Gari likaingia kwenye mteremko. Loisi alizungusha, akasikia ngozi inakamata chuma, mkwaruzo mkavu, mzito, kama mtu anayekanyaga mwamba kwa uangalifu. Alikaza kona zilipokuwa kali na kulegeza zilipokuwa nyepesi. Barabara ilirudi nyuma chini ya miguu yake mitupu, polepole, jiwe baada ya jiwe, na pale Nikodemo alipofia alipatambua, akapaaga kwa kichwa bila kuuachia mkono.

Chini, kwenye tambarare, aliteremka na kusimama amelipa gari kisogo. Magurudumu hayakuondoka mara moja.

"Shaushi," Matonya alisema, "mwambie mama yangu ahsante."

Hakusema mama mkwe. Loisi alisubiri mpaka mlio wa gari ulipoisha, ndipo akageuka, akaanza kupanda mlima. Mawe yalikuwa yamepata moto, akawa anatafuta penye vivuli.

Ruthu alikuwa amekaa mlangoni, mikono juu ya tumbo, amelia mpaka macho yamevimba. Alimtazama mama yake usoni, akaona kwamba mumewe ni mzima, akashusha pumzi. Kisha akaitazama miguu.

"Mama, viatu vya baba viko wapi?"

Loisi aliuinua mtungi alioacha asubuhi, akanywa maji.

"Viko kazini," alisema.