Shukrani za Kihara kwa Mgeni

Kihara alikuwa katibu wa kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kule Bahati, na mtaalamu wa malisho alipoalikwa, kazi ya kutoa shukrani kwa Kiingereza ilimwangukia yeye. Bintiye Lynn, mwalimu wa Kiingereza, alimkalisha jikoni akamweleza: neno likiishia na -ed, linamhusu aliyepatwa na jambo, likiishia na -ing, linamhusu anayelileta. Tired ni aliyechoka. Tiring ni anayechosha. Kihara akasema hayo ni madogo, akaomba chai.

Siku ikafika. Mtaalamu mwenyewe, Bwana Makhanu, aliongea Kiingereza cha vitabuni kwa saa mbili na robo, mabati ya ukumbi yakichomwa na jua. Wazee walisinzia. Mama Chepkirui, aliyekuja na swali moja tu kuhusu ng'ombe wake, alikuwa ameinua mkono mara nne bila kuonekana. Kihara akaona afadhali amkatize mgeni kwa heshima, aseme mzungumzaji amechoka, aachwe apumzike. Akasimama, akanyoosha tai.

“We thank you,” alianza. “But our visitor is tiring. Very, very tiring. Let him sit down.”

Walimu wawili waliokaa nyuma wakaangua kicheko, wengine wakafuata, na wazee wakaamka wakacheka bila kujua wanacheka nini. Kihara aliketi akitabasamu, hadi Lynn, aliyekuwa ameketi kando yake, alipomnong'oneza, “Baba, umesema mgeni anachosha.”

Makhanu alitazama karatasi zake. Zilikuwa zimebaki kurasa kumi na moja. Akazikunja, akazitia mfukoni.

“Katibu amesema kweli,” akasema kwa Kiswahili. “Hata mke wangu huniambia hivyo. Nani ana swali?”

Chepkirui hakungoja kuitwa. Ng'ombe wake alikuwa amekataa chakula tangu Jumatatu na maziwa yamepungua. Kwake ni ng'ambo ya barabara tu, kwa hivyo kikundi kizima kikahamia zizini. Makhanu alivua koti, akampa Kihara, akakunja mikono ya shati, akachimbua majani ndani ya hori mpaka akatoa yaliyoota ukungu wa kijani, akawapitishia kila mmoja anuse. Maswali yakamiminika. Kihara alisimama kando, amelikumbatia koti la mgeni kama mtoto mchanga, akiomba Mungu lisianguke kwenye mavi.