Mikono ya Recho

Ottilia alikuwa akigeuza usipa, dagaa wa ziwani, juani, ili upande wa chini nao ukauke, wakati gari la kampuni ya maji liliposhuka kutoka Mbinga na kusimama karibu na bomba la kijiji cha Ngumbo. Vitalia, mjukuu wake, aliacha kufukuza kunguru akakimbilia huko. Ottilia akamwita arudi. Mtoto huyo ndiye pekee aliyembakia nyumbani. Mama yake, Recho, alikufa kwa kipindupindu wakati wa masika, kwa maji ya bomba hilohilo, na tangu siku hiyo bomba lilifungwa kwa mnyororo.

Miaka hiyo serikali ilikuwa inajitoa kwenye biashara moja baada ya nyingine, na bomba nalo lilikuwa limepata mwenyewe. Mwenye kampuni huyo alitaka lifunguliwe. Ndiyo maana alimtuma mtaalamu, kijana mpole aitwaye Hamphrey, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, pamoja na kipimo kipya.

Kipimo kilikuwa kidude cha kushika mkononi, chenye mshale na kijiti bapa kilichopakwa dhahabu nchani. Juu ya dhahabu hiyo zilipandwa nyuzi za vinasaba, ndogo hata hazionekani. Nyuzi hizo zinakijua kijidudu cha kipindupindu kama ndugu wanavyojuana msibani: kikipita zinakikamata, umeme kidogo unatembea, mshale unapanda.

"Kule Mbinga kilisema kweli kila mara," Hamphrey aliwaeleza watu, na hakudanganya. Ila Mbinga watu huvaa makoti. Huku ziwani mchanga ulikuwa haukanyagiki kwa jua, na katika joto la namna hiyo nyuzi zile hulegea, zikaiachia dhahabu na kujiendea zake. Hamphrey alikichovya kijiti ndooni. Mshale haukutikisika.

"Salama," alisema.

Ottilia alimvuta Vitalia karibu naye. Wakati huohuo Recho alikuwa anakuja kutoka makaburi ya kanisani, ndoo kichwani, kwa mwendo wake wa haraka wa siku zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na jua lote hili?"

"Nimesikia wanapima."

Akawasalimu waliokuwa kwenye foleni. Wakaitikia, wakampisha, na mwanamke mmoja akamwambia amependeza. Recho akamwomba Hamphrey kipimo, na Hamphrey, aliyelelewa vizuri kwao, akampa. Mikono ya Recho ilikuwa ya baridi, kama ya wote wanaokaa kule, baridi kuliko hata ya Mbinga. Alikifumbata kijiti mpaka kikapoa na nyuzi zikarudi mahali pake, kisha akakichovya. Mshale ukapanda mpaka mwisho, ukakaa hukohuko.

"Yana kipindupindu," alisema Recho. "Ndiyo yaliyoniua."

Hamphrey aliusoma mshale. Hakubisha. Tatizo, alisema, ni utaratibu: majibu yanapokelewa kutoka kwa mpimaji aliye hai tu. Akamgeukia mwenyekiti wa kijiji, mzee Damiano, ambaye alikuwa mjomba wa Recho.

"Mwenyekiti, huyu ni mwanakijiji wako?"

Damiano alitazama chini. "Alikuwa. Tulishamzika."

"Basi mnaniweka pabaya, wazee wangu."

Alikipangusa kijiti, akakianika kidogo juani, akapima upya mwenyewe. Salama. Mnyororo ukafunguliwa mchana huohuo, maji yakatoka maangavu na kwa nguvu, na watu wakapiga vigelegele. Recho alichota ndoo yake akarudi alikotoka.

Ottilia alikasirika hata akashindwa kula. Alichemsha kila tone lililoingia nyumbani mwake, na kila asubuhi alimwonya Vitalia asiliguse bomba. Lakini shule nayo ilichota hapohapo, na mtoto wa darasa la kwanza akibanwa na kiu hakumbuki maonyo ya bibi.

Vitalia alizikwa kando ya mama yake. Kwaya iliimba vizuri.

Gari lilirudi kwa ukaguzi wa kawaida. Safari hii Recho alikuja akiwa amemshika Vitalia mkono, na Hamphrey akampa tena kipimo. Mtoto alimwamkia bibi yake kwa adabu, kisha akaomba naye ashike kipimo, na mama yake akamwachia akichovye. Mshale ukapanda.

Ottilia alitaka kuvichukua vidole vile avipulizie, kama alivyozoea kufanya asubuhi za Julai. Akajizuia, maana mshale ulikuwa bado uko juu na baridi ile ilihitajika. Alisubiri mpaka Hamphrey aliposogea, akatazama, akatikisa kichwa na kukipokea kipimo kwa mkono wake wenye joto, mshale ukashuka.

"Salama," alisema Hamphrey, kwa huzuni ya kweli.

Ndipo Ottilia alipoishika mikono ya mjukuu wake akaanza kuipulizia. Aliipulizia mpaka foleni ya maji ikaisha, na haikupata joto.