Fisi wa Ghuba Yetu

Kwa miaka mitatu kazi yangu katika kambi ya watafiti, karibu na Kamanga, ilikuwa moja: kuwatazama fisi maji. Kila asubuhi nilikaa mawimbi ya ziwa mbele yangu na darubini mkononi, nikiandika nani kaibuka na kambare, nani kazaa. Katika daftari niliandika "fisi" tu. "Maji" ya nini, na kambini sote tulijua? Uvivu wangu, nakiri.

Mwaka 1995 zikaja habari kwamba mwekezaji anaitaka ghuba yetu ajenge kiwanda cha minofu ya sangara. Kiongozi wetu, Dokta Bagenda, akaniita.

"Dada Getruda, nipe daftari. Wakubwa wakiona hapa kuna wanyama thelathini na mmoja, hawataitoa ghuba."

Nikampa kwa mikono miwili. Ndiye aliyenifundisha kushika darubini, na siku wavu uliponasa jike mmoja akafa, alilia mbele yangu. Ningemtiliaje shaka?

Wiki mbili baadaye wakaja askari wanne wenye bunduki, na nyuma yao wanakijiji wenye mikuki. Usukumani fisi si mnyama tu. Watu husema wachawi huwapanda.

"Mama, fisi thelathini na mmoja wako wapi?" akauliza mkubwa wao.

"Ni fisi maji hao! Wanakula samaki na kaa!"

Akanionyesha barua yenye sahihi ya Bagenda: fisi wote wa ghuba ni hatari kwa watoto, waondolewe.

"Hapa hakuna neno maji, mama. Tunafuata kilichoandikwa."

Nilimkuta Bagenda hemani akifungasha nguo. Mezani palikuwa na barua ya kiwanda: ameajiriwa kuwa afisa mazingira.

"Dokta, umewaita fisi?"

"Nimenakili ulivyoandika wewe, dada."

Hakuinua hata macho. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hiyo niliivaa kwa fahari. Nilitamani kumtemea mate.

Bunduki ikalia. Nikakimbilia ufukweni. Jike mmoja na watoto wake wawili walikuwa wanaogelea kunijia, maana kwa miaka mitatu nilikuwa nimewazoeza wasiniogope.

"Nendeni! Tokeni!"

Nikaokota jiwe nikamrushia, mimi mwenyewe. Akazama, kisha akaibuka karibu zaidi.