Mwanamke wa Ukingoni mwa Picha

Fundi wa fremu waliyemwita Rula, kwa kuwa hata akisalimiana na mtu alikuwa anampima kwa macho, aliipokea picha ile kutoka kwa mkunga mstaafu aliyemzalisha mkewe watoto wote. Ilikuwa picha ya rangi iliyopigwa chapa zamani, karatasi imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ndani yake watu waliofukuzwa kwao kwa sababu ya namna walivyosali walikuwa wakivuka mto: wazee, vichanga, mbuzi mmoja, na vitabu vya sala vimefungwa vitambaani juu ya vichwa.

"Hawa ndio watu wa mume wangu," mkunga alisema. "Si wenyewe hasa, lakini walitoka hivyo hivyo. Macho yake sasa yamefifia, ila anataka ikae karibu na kitanda chake. Taratibu nayo, mwanangu."

"Ondoa shaka, mama."

Rula alikuwa na fremu nzuri iliyokataliwa na mteja mwingine, nayo ilikuwa ndogo kidogo tu kwa picha ile. Kutengeneza nyingine kungemchukua siku nzima. Upande wa kushoto karatasi ilikuwa na doa la unyevu. Akajiambia hapo hapana kitu, akalaza chuma cha kunyooshea mstari, akapitisha wembe. Ukanda ulipodondoka mezani ndipo alipoona kwamba ndani ya doa mna mtu: mwanamke amesimama ukingoni mwa mto, amewapa wenzake mgongo, anatazama walikotoka.

Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Akausukuma ukanda nyuma ya rundo la kadibodi, akafunga kioo.

Mkunga alipokuja kuichukua, aliitazama kwa furaha, kisha kidole chake kikaenda kushoto, kikakwama.

"Na huyu wa nyuma?"

"Unyevu ulimla, mama. Kugusa tu, karatasi ikawa unga."

Mkunga akaipakata fremu. "Basi. Umewaokoa waliobaki. Mungu akuzidishie."

Dua ile ilimkaa Rula kooni kama mwiba wa samaki. Chakula kikawa hakipiti. Mkewe alipomuuliza kulikoni, akasingizia jino.

"Jino gani hilo," mkewe akasema, "linalokufanya uogope kupita mtaa wa mkunga?"

Mwishowe akautoa ukanda, akauweka katikati ya kadibodi mbili, akaenda. Alimkuta mkunga anaanika mashuka uani.

"Ukanda huu haukuoza, mama. Niliukata mimi kwa uvivu, kisha nikakudanganya."

Mkunga akaufuta mkono wake kwenye gauni kabla ya kuupokea ukanda. Akautazama muda mrefu.

"Kukata, ningekusamehe palepale. Lakini unajua nilimwambia nini mzee? Aligusa kioo akaniuliza kama yule wa nyuma yupo, nikamjibu yupo. Tangu anioe sijawahi kumdanganya. Nimemdanganya kwa sababu yako. Ingia, ukamwambie mwenyewe."

Mzee alikuwa ameketi kitandani, uso ameuelekeza kwenye mwanga wa dirisha. Rula akayasema yote upya, na mara hii yalikuwa mazito zaidi.

"Bibi yangu alitoka kwao wa mwisho," mzee alisema. "Wenzake wanakimbia, yeye akarudi kufunga mlango. Nyumba inaungua, yeye anafunga mlango." Akacheka kidogo, kicheko kikaishia njiani. "Yule wa kwenye picha nilimfanya ndiye bibi. Kila asubuhi nampa shikamoo yake. Kumbe siku zote hizi nilikuwa naamkia kioo."

Rula alikosa pa kuuweka uso wake.

"Unganisha," mzee akasema.

Kesho yake alirudi na fremu mpya ya kipimo halisi, akauunganisha ukanda mezani kwao kwa gundi ya unga na karatasi nyembamba, mkunga amesimama pembeni. Rula alifanya kazi kwa uangalifu kuliko alivyowahi kufanya maishani, na bado mstari mweupe ulibaki, umepita kati ya mwanamke na mto.

"Mstari hautatoka, mzee. Nisamehe."

"Mimi sitauona."

"Mimi nitauona," mkunga akasema.

Alimsindikiza hadi mlangoni, akamshukuru kwa kuja. Hakumwambia karibu tena.

"Kwaheri," Rula akasema, na lile neno la "mama", alilozoea kulimalizia, likamshinda kulitoa.