Barua Zenye Jina

Maji yalikuwa yakichemka tangu alfajiri, na Fishel Tauber alikuwa ameshamwaga sufuria la kumi na nne. Zilibaki siku tatu Pasaka ya Kiyahudi iingie, sikukuu ambayo hata chembe ya mkate wa chachu hairuhusiwi kubaki ndani. Jiko zima la chuo lilitakiwa kusahau kwamba liliwahi kuona mkate: meza za chuma, masinki, mafriji, hata vitasa vya milango. Wafanyakazi wa mshahara walikuwa wameikwepa kazi hiyo kwa ustadi, kila mmoja na mgongo wake unaouma. Ikamwangukia Fishel, ambaye mgongo wake haukuwa na ruhusa ya kuuma. Alilala bure katika chumba cha chini kando ya boila, akala bure, akasoma bure. Na chuo nacho kikamtumia bure. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimebabuka kwa mvuke. Alikizungushia kitambaa cha sahani akaendelea kumwaga.

Getzel, mtunzaji wa sinagogi la chuo, alisimama mlangoni. Siku nyingine mzee huyo angesema, "Bado unalitahiri hilo jiko?" kisha akacheka peke yake mpaka akohoe. Leo alikuwa akiangalia sakafu.

"Mkuu anakuita."

"Nina maji motoni."

"Zima."

"Kuna nini, Reb Getzel?"

"Mimi ni mtu wa kufungua milango tu," mzee akasema. "Vaa koti, huwezi kwenda umelowa hivyo."

Fishel alipanda ngazi akijifariji kwamba ni mambo ya mahafali. Alikuwa amebakiza wiki kumi apate shahada. Wiki kumi si kitu kwa mtu aliyezaliwa Williamsburg, kwenye mitaa ile ya Wayahudi washika dini ya Brooklyn ambako kijana wa miaka kumi na mitatu anaweza kubishana kutwa nzima juu ya sheria ya dini ya ng'ombe aliyempiga pembe ng'ombe wa jirani, lakini ukimpa ramani hajui New York iko upande gani. Aliondoka kule na miaka ishirini na sita na mifuko miwili. Sasa alikuwa na thelathini na miwili. Mama yake alikuwa akipokea simu yake kila Ijumaa, akimsikiliza mpaka ahakikishe anapumua, kisha akikata. Hesabu za sehemu alijifunza akiwa mtu mzima, kwenye vitabu vya watoto wa darasa la nne, na sasa shule moja ya Bronx ilikuwa ikimsubiri akafundishe hesabu hizo hizo. Walitaka kitu kimoja tu, cheti.

Na cheti kikishapatikana, kulikuwa na Elkanan.

Profesa Elkanan Rosmarin, mwalimu wa historia, kapera wa miaka arobaini na tisa ambaye kila shangazi wa Queens alikuwa ameshajaribu kumwoza. Miaka miwili nyuma alimrudishia Fishel insha yake mkononi, akamwambia, "Hapa hujaandika, umepigana. Njoo uniambie umepigana na nani." Wakaongea. Wakaongea tena. Halafu Alhamisi moja jioni, katika jiko la Elkanan, maharage ya Sabato yakiwa yamelowekwa kwenye bakuli, wakaacha kuongea. Tangu hapo kila Alhamisi ilikuwa yao. Fishel aliingia kwa ngazi za nyuma.

"Ukishahitimu hutakuwa mwanafunzi tena," Elkanan alimwambia. "Tutahamia Boston. Utaingia kwa mlango wa mbele, Fishke wangu, na funguo zako mfukoni."

Elkanan hakuandika kamwe. Simu aliitumia kwa mambo ya masomo tu. Fishel ndiye aliyeandika, barua tisa kwa mkono, na juu ya kila moja aliandika ile baraka ya kumshukuru Mungu aliyetufikisha siku ya leo, Jina la Mungu lenyewe likiwa kamili. Watu wa dini huweka herufi moja badala ya Jina ili karatasi ibaki karatasi. Likiandikwa lote, karatasi hiyo haichanwi, haichomwi, haiendi jalalani. Inazikwa makaburini kama maiti.

"Weka herufi moja tu," Elkanan alimsihi. "Unazifanya nzito."

"Nataka ziwe nzito," Fishel akajibu.

Sasa zote tisa zilikuwa juu ya meza ya mkuu wa chuo, ndani ya jalada la plastiki.

Mkuu huyo, Rabi Landesman, alikuwa na sauti ya upole na glasi ya chai. Elkanan alikuwa amekaa dirishani, miguu ameikusanya kama mgonjwa anayesubiri zamu yake.

"Keti, kijana. Umekula?"

"Nimekula."

"Vizuri. Mtu asiitwe kwenye jambo kama hili na njaa." Akalisogeza jalada. "Mwandiko huu unaujua?"

"Ni wangu."

"Getzel alikuwa akipanga karatasi za kwenda makaburini. Sanduku limejaa mwaka huu. Pasaka, unajua tena, kila mtu anasafisha ofisi yake."

Fishel alimgeukia Elkanan. "Waliingia ofisini kwako? Nani alikupekua?"

Chai ilikuwa ikitoa moshi. Fishel aliendelea kusubiri mwizi atajwe, na mwizi hakutajwa.

"Profesa ametueleza yote," Rabi Landesman akasema. "Kwamba umekuwa ukimwandikia muda mrefu. Kwamba alikuonea huruma kwa sababu ya huko ulikotoka. Na kwamba hajawahi kukujibu hata neno."

"Kwa kalamu, hapana."

"Alikujibu kwa kitu gani basi?"

Elkanan akakohoa. "Bwana Tauber, nakuomba. Usijiumize zaidi."

"Bwana Tauber," Fishel akarudia polepole, kama anayejifunza jina la mgeni. "Alhamisi nilikuwa Fishke."

"Una chochote?" mkuu akauliza, na hakuuliza kwa ukali. "Barua yake? Ujumbe? Picha?"

Fishel alijitafuta. Alijua kwamba Elkanan hutia supu chumvi kabla hajaionja. Alijua kwamba hulala akiangalia ukuta, na kwamba sala ya kabla ya kulala huiimba kwa sauti ya kitoto aliyofundishwa na bibi yake. Vitu hivyo haviingii kwenye jalada la plastiki.

"Sina," akasema. Kisha akamgeukia yule wa dirishani. "Uliziweka sandukuni wewe? Kwa mkono wako?"

Elkanan alivua miwani akaanza kuifuta, akaifuta mpaka ikawa haina cha kufutwa.

"Zilikuwa na Jina," akasema. "Nisingeweza kuzitupa."

"Katika hilo alifanya sawasawa," Rabi Landesman akasema, na akatoa karatasi nyingine kwenye droo.

Ilikuwa fupi. Mwanafunzi anajiondoa chuoni kwa sababu zake binafsi.

"Hatumfukuzi mtu hapa," mkuu akaeleza. "Unaondoka mwenyewe."

"Nimebakiza wiki kumi."

"Wafadhili wetu hawasomi kalenda, kijana. Wanasoma barua."

"Na yeye?"

"Profesa anakwenda Yerusalemu kwa utafiti baada ya sikukuu. Ilishapangwa tangu zamani."

"Nisipotia saini?"

"Ile shule ya Bronx itatupigia kuuliza habari zako. Mimi siwezi kusema uongo." Aligonga jalada kwa kidole kimoja. "Nitawaambia nilichokiona."

Fishel alitia saini kwa mkono uliofungwa kitambaa. Mwandiko ulitoka mbaya, kama wa mtoto.

"Chumba kiwe tupu kabla jua halijatua, nacho kinatakiwa kusafishwa," mkuu akasema. "Na lile jiko? Oveni umemaliza?"

"Bado ya chini."

"Ukipata nafasi kabla hujaondoka."

Vitu vyake viliingia kwenye sanduku moja na mfuko wa nguo chafu. Vitabu vya hesabu aliviacha juu ya kitanda, akatoka, akarudi akavichukua. Jioni ilikuwa imeingia alipopita kwenye korido ya juu kuelekea langoni. Chuo kilikuwa kitupu, wanafunzi wote walikuwa wamekwenda nyumbani kwa sikukuu. Mlango wa sinagogi ulikuwa wazi na Getzel alikuwa amesimama nje, shingo imenyooka, akitafuta mtu yeyote mwenye kofia.

"Fishel. Ingia, sala ya jioni. Mkuu anataka kumsomea dua marehemu mama yake, leo ndiyo siku aliyofariki, na jua linazama. Lazima tuwe wanaume kumi, na anakosekana mmoja."

"Tafuta mwingine."

"Nimefika mpaka barabarani. Hakuna." Mzee alimshika mkono wa koti. "Usinikasirikie. Mimi niliona Jina tu kwenye barua za mtu, nikapeleka kwa mkuu kuuliza kama zizikwe. Ingia, dakika kumi."

Ndani walikuwa wamesimama, walinzi wawili, walimu wachache, Rabi Landesman mbele. Elkanan alikuwa benchi la nyuma. Mmoja wa walimu alimwona Fishel mlangoni, akamnong'oneza mkuu, "Huyu?"

Rabi Landesman aliangalia dirisha, ambako mwanga ulikuwa umebaki wa upana wa kidole.

"Anahesabika," akasema.

Kwa desturi yao watu hawahesabiwi kwa namba. Getzel alianza kuwapitia kwa ile aya yenye maneno kumi, kila mtu neno lake, midomo ikicheza na kidole kikitembea kutoka kichwa hadi kichwa, mpaka likabaki neno moja. Kidole kikamwelekea Fishel, aliyekuwa mguu mmoja ndani na mmoja nje, sanduku mkononi. Watu tisa walisubiri. Bila kuinua macho kwenye kitabu chake, Elkanan alijisogeza kwenye benchi, akamwachia nafasi.