Mto Uliopimwa na Bwana Kiatu

Mhandisi wa mitaro alikuwa na tabia moja mbaya: akipata jibu zuri hakutulia nalo, lazima alitangaze. Kompyuta yake ilipoonyesha kwamba bomba jipya la maji ya mvua lingemeza mvua ya aina yoyote, alikwenda moja kwa moja kwa shangazi yake, fundi cherehani wa kule chini kabisa mwisho wa mtaa. Kwa miaka tisa meza za cherehani zake zilisimama juu ya matofali kwa kuhofia mafuriko.

“Shangazi, zishushe. Maji hayaji tena.”

“Una hakika, mwanangu?”

“Kama ninavyolijua jina langu.”

Shangazi akazishusha siku hiyohiyo.

Asubuhi ya kutia saini ripoti, mhandisi alikuwa akipanga viambatisho tu, kazi ya kufanya huku unakunywa chai. Akafikia karatasi ya vipimo vya mto, pale bomba linapomwaga maji yake. Iliandikwa na mpima ardhi waliyembandika jina la Bwana Kiatu, kwa kuwa aling'arisha viatu mara tatu kwa siku na hakukanyaga tope hata kwa amri. Mhandisi akaiona tarehe. Chai ikampalia.

Mto ulipimwa katikati ya kiangazi.

Alimfuata mezani kwake. “Kaka, mto uliupimaje?”

“Vizuri mno! Nilishuka mpaka ukingoni, sikurukiwa hata na tone.”

“Na wakati wa mvua?”

“Wakati wa mvua kule kuna tope,” alisema Bwana Kiatu, akishangaa mtu mzima kuuliza swali kama hilo.

Mhandisi hakuwa na mdomo wa kumgombeza. Namba ile aliiingiza mwenyewe kwenye kompyuta, na tarehe hakuitazama.

Alirudi kwenye kiti, kwenye kompyuta akaupandisha mto hadi alama ya mafuriko iliyochorwa kwenye nguzo ya daraja. Mambo yakageuka. Mdomo wa bomba ukazama. Maji ya mtaani yakafika pale, yakakuta mto umeziba njia, yakarundikana mpaka bomba likajaa pomoni, hata hewa ikakosa pa kukaa. Maji yaliyobanwa hayana subira. Yakapanda kwenye chemba, yale mashimo ya bomba yenye mifuniko barabarani, moja baada ya nyingine, na chemba ya chini kuliko zote ikarusha mfuniko wake. Chemba hiyo ilikuwa mlangoni kwa shangazi. Ndani ya nyumba yake, kompyuta ilisema, maji yangefika sentimita kumi na nane.

Wazo la kunyamaza lilimjia, tusifichane, na likakaa naye kama dakika nne hivi. Kisha akaenda kwa mkuu wa idara, aliyekuwa ameshafungua kalamu.

Mkuu alimsikiliza hadi mwisho. “Tukiweka bomba kubwa zaidi?”

“Litajaa vilevile, mzee. Mto ndio unaorudisha maji. Tunahitaji bwawa la kuyashikilia mpaka mto ushuke.”

“Bwawa ni kazi ya mwaka mzima.”

“Najua.”

“Na hukuweza kungoja nistaafu?” Mkuu akafunga kalamu. “Kaiandike upya. Na huyo Kiatu apewe mabuti.”

Hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa shangazi, na mvua zilibakiza wiki mbili.

Alimkuta akipinda sketi. Akamweleza yote bila kupunguza: nilikosea, nilihesabu mto mkavu, msimu huu maji yataingia. Shangazi akamtazama juu ya miwani hadi mhandisi akaona aibu ya kitoto.

“Umekuja kuniambia mwenyewe?”

“Mwenyewe, shangazi.”

“Haya, inua upande huo.”

Mhandisi akainua meza, mishipa ya shingo ikamtoka. Shangazi akachuchumaa na matofali yake.

“Niweke mangapi, mhandisi?” Hakuwahi kumwita hivyo.

“Matatu yanatosha. Nimepiga hesabu.”

Shangazi akapanga matatu. Kisha, bila kumtazama, akaongeza la nne.